Chemsha Bongo Isiyouliza Cheti

Mtu akimaliza kisomo cha watu wazima kuna swali moja ambalo humkera. Akiomba kazi ya kutunza ghala anaulizwa, "Ulifika darasa la ngapi?" Akitaka uongozi katika kamati, wapo wanaonong'ona pembeni, "Huyu si kasoma uzeeni?" Kusoma anajua. Kuandika anajua. Gazeti hili analishika mwenyewe wala hasomewi na mtoto. Hata hivyo anaulizwa cheti.

Leo tunataka kueleza mashindano ambayo mlangoni hakuna anayeuliza cheti. Ni mashindano ya chemsha bongo ya wazi. Chemsha bongo yenyewe si jambo geni. Ni maswali na majibu, tena kwa alama. Tumeyasikia redioni, na watoto wetu wanayafanya shuleni. Lakini ya shuleni ni ya wanafunzi wa shule ile tu. Ya redioni mara nyingi unasikiliza wenzako wakijibu, wewe umekaa na jibu lako mdomoni. Ya wazi ni mengine. Yeyote aingiaye ukumbini anashindana. Mwanafunzi, karani, mkulima, mzee aliyestaafu, mama mwenye mtoto mgongoni, wote wanapewa karatasi ileile.

Nchi moja ambako mchezo huu umeota mizizi ni India. Mwaka 1967 mtu mmoja wa elimu na vitabu, jina lake Neil O'Brien, aliendesha chemsha bongo katika ukumbi wa kanisa mjini Calcutta, mji ambao leo huitwa Kolkata. Wahindi wengi huhesabu siku ile kuwa ndiyo mwanzo wa mchezo huu nchini kwao. Mzee O'Brien alifariki mwaka 2016, akiwa ameuona mchezo wake umeenea mbali. Mwaka 1983 wapenzi wa mchezo huu katika mji wa Bangalore, ambao sasa huitwa Bengaluru, waliunda chama chao, Karnataka Quiz Association. Mwaka 1985 televisheni ya taifa ikaanza kipindi cha maswali cha vijana wa vyuo, kikiongozwa na Siddhartha Basu, na watu wakajazana kwa jirani mwenye televisheni. Katika mji wa Chennai, duka moja kubwa la vitabu lililoitwa Landmark lilikuwa likiandaa mashindano ya wazi siku ya Uhuru wa India, yaani tarehe 15 Agosti. Timu zilikuwa za watu 3, na umri haukuulizwa. Baba angeweza kukaa timu moja na binti yake wa shule ya msingi. Watu walifika kwa mamia, siku ya mapumziko, wakapanga foleni ili waulizwe maswali! Hebu fikiri. Wengi wetu shuleni tuliulizwa maswali huku fimbo iko mezani. Wale wanayafuata kwa miguu yao.

Sasa, mtu akienda anakuta nini?

Kwanza anakuta mchujo. Kila timu inapata karatasi moja na kalamu. Muuliza maswali anasoma maswali kama 25 hadi 40 hivi, moja moja, na kila timu inaandika majibu kimyakimya. Hakuna kusimama mbele za watu. Hakuna kuchekwa. Ukikosea, anayejua ni wewe, wenzako wawili na msahihishaji. Hili tunalipenda sana, maana tunajua mtu mzima anavyoogopa aibu. Wapo watu wazima wenye maarifa tele ambao hawanyooshi mkono darasani kwa sababu hiyo tu.

Tena jambo jingine. Katika mashindano mengi ya namna hii, herufi moja ikikosewa jibu halitupwi, mradi msahihishaji ameelewa ulichokusudia. Wanapima unajua nini. Hawapimi mwandiko. Ila inafaa kuandika kwa kusomeka, maana jibu lisilosomeka ni sawa na jibu lisilokuwapo.

Katika maswali hayo, machache hutiwa alama ya nyota. Kazi ya nyota ni hii. Timu mbili zikilingana alama, na nafasi ya kwenda jukwaani ni moja, huangaliwa ipi imejibu maswali mengi ya nyota. Kwa hiyo hakuna kupiga shilingi, wala hakuna "huyu tunamjua, apite."

Baada ya kusahihisha, timu 6 au 8 zenye alama nyingi zinaitwa jukwaani. Je, waliobaki wanarudi nyumbani? La. Wanakaa kutazama, na bado wamo mchezoni. Swali likizishinda timu zote za jukwaani, muuliza maswali huwageukia waliokaa ukumbini. Anayejibu hupewa zawadi ndogo, labda kitabu, labda peremende. Basi kuhudhuria mashindano haya ni kushindana. Hakuna mtazamaji mtupu. Yule mzee wa kiti cha nyuma kabisa anaweza kulijua jibu ambalo wasomi wa jukwaani wamelikosa, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Hapo jukwaani ndipo panapotaka maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi unapozuka. Sisi wenyewe tumewahi kuona chemsha bongo ya kijiji ikiishia kwa watu kununiana. Kisa nini? Zamu.

Tuseme kuna timu 6, nazo zimekaa kwa mstari: A, B, C, D, E na F. Kanuni ya zamani ni hii. Swali la kwanza ni la A. A akishindwa, linapita kwa B, kisha C, mpaka apatikane wa kujibu. Swali la pili ni la B, hata kama la kwanza B amekwisha kulijibu. Swali la tatu ni la C, na kuendelea. Kwa haraka haraka unaona ni haki, maana kila mtu ana zamu yake. Lakini tazama vizuri. Tuseme A ni timu dhaifu. Kila A akishindwa, swali linaangukia kwa B. Halafu B anapata na zamu yake mwenyewe. B anakula sahani mbili, F aliye mwisho anasubiri makombo. B atashinda kwa sababu ya kiti alichokalia, si kwa sababu ya akili zake.

Waandaaji wa India waliona tatizo hilo wakatumia kanuni nyingine. Swali jipya halianzii kwa mwenye zamu ya mstari. Linaanzia kwa timu inayofuata baada ya ile iliyojibu. Tuchukue mfano uleule. Swali la kwanza limeanzia kwa A. A ameshindwa, B ameshindwa, C amejibu. Basi C anapata alama 10, na swali la pili linaanzia kwa D. D, E na F hawajajaribu bado, kwa hiyo ni haki yao kutangulia. Je, kama timu zote 6 zimeshindwa? Basi swali jipya linaanzia palepale lilipoanzia lile lililopita, kwani wote wamekwisha kujaribu mara moja moja. Mashindano yakifika nusu, mwendo unageuzwa. Maswali yaliyokuwa yakienda kutoka A hadi F sasa yanatoka F kurudi A. Aliyekuwa nyuma ya jirani mwenye nguvu sasa yuko mbele yake.

Chukua vikombe 6 uvipange mezani, ujaribu na punje za mahindi. Utaielewa kanuni hii kwa dakika tano. Kwa maneno matupu inasumbua kidogo, tunakiri.

Kuna na kudakia. Timu inayojiamini haisubiri swali liifikie. Inaandika jibu kwenye kipande cha karatasi na kumpa msimamizi kabla ya mwenye zamu kufungua kinywa. Ikipata, inapewa alama zake. Ikikosa, inakatwa alama. Hii huchangamsha sana mchezo, lakini kwa wanaoanza tunashauri iachwe kwanza. Watu wakatwe alama wakiwa wamekwisha kuzoea kuzipata.

Haya, tuje kwenye maswali yenyewe, maana hapa ndipo lilipo jambo kubwa kuliko zamu.

Yako maswali ya kukariri. Kwa mfano, "Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita ngapi?" Jibu ni mita 5,895. Ama unalijua ama hulijui. Ukikaa ukalifikiria hadi jogoo awike, halitakuja. Chemsha bongo ya maswali kama hayo tu ni mtihani wa shule uliovalishwa nguo ya sherehe. Atashinda aliyetoka shule juzi.

Yako na maswali ya kufikiri. Muulizaji hodari anaficha jibu, lakini anaacha nyayo. Mfano mmoja wa huko India: "Mwaka 1930 mzee wa miaka 60 alitembea kwa miguu siku 24, kilomita 390 hivi, mpaka pwani. Alipofika aliinama akaokota kitu ambacho kimo katika kila jiko, tajiri kwa maskini. Kwa kukiokota tu alikuwa amevunja sheria ya Waingereza. Ni kitu gani?" Huenda hujui habari za India hata kidogo. Lakini kitu gani kiko pwani, kinaokotwa chini, na kimo katika kila jiko? Chumvi! Mzee huyo ni Gandhi, na sheria aliyoivunja ilizuia watu kujitengenezea chumvi, maana chumvi ilikuwa ikilipiwa kodi kwa serikali ya kikoloni.

Tuulize na la kwetu. "Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dokta Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mmea fulani kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Ujerumani, ikaja kwa meli mpaka Tanga. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62, nchi ilijaa mashamba makubwa. Taja mmea huo."

Tuone jinsi timu ya watu watatu inavyoweza kulipata. Kijana aliyemaliza shule anasema, "Tanga, Wajerumani, nadhani ni kahawa." Mama aliyekaa katikati anamwambia, "Mwanangu, mche wa kahawa ukakae baharini miezi bila maji? Huo ungekufa wote. Huu ni mmea mgumu, unaovumilia ukame." Mzee wa tatu, ambaye ujanani alifanya kazi za mashamba, anacheka. "Tanga kuna mmea gani mgumu unaokuchoma mikono? Andikeni mkonge." Ndilo jibu. Ule mkonge unaotupatia katani na kamba. Nani amelipata? Kijana alileta Tanga na Wajerumani, mama akaleta ukame, mzee akaleta mikono yake. Ndiyo maana timu za watu wa rika moja na kazi moja, kwa maoni yetu, huwa na upungufu. Wanajua mambo yaleyale na wanakosa mambo yaleyale.

Tusije tukaipamba India kupita kiasi. Mlango wao ulikuwa wazi, lakini ulikuwa na kizingiti kirefu, nacho ni lugha. Chemsha bongo hizo za mijini tangu mwanzo zilikuwa za Kiingereza. Mkulima wa Bihar asiyejua Kiingereza hakuulizwa cheti, ni kweli, lakini asingeelewa hata swali la kwanza. Mwaka 2000 kilianza kipindi cha televisheni kwa lugha ya Kihindi, Kaun Banega Crorepati, kikiongozwa na mcheza sinema Amitabh Bachchan. Kile si mashindano ya ukumbini kama tunayoyaeleza. Ni mtu mmoja kwenye kiti, tena kwa fedha nyingi. Lakini lugha yake inaeleweka na mamilioni ya watu wa kawaida, na matokeo yakaonekana. Mwaka 2011 kijana mmoja kutoka Motihari, katika jimbo hilohilo la Bihar, alijibu maswali yote akashinda rupia milioni 50. Jina lake ni Sushil Kumar. Mshahara wake katika mradi wa serikali wa kazi za vijijini ulikuwa kama rupia 6,000 kwa mwezi. Hakutajirika kwa raha, maana mwaka 2020 yeye mwenyewe alieleza hadharani jinsi fedha zile zilivyomletea matapeli na ugomvi nyumbani, na baadaye akajishughulisha na kupanda miti. Lakini hiyo ni habari nyingine. Tunachotazama sisi ni kwamba akili ile ilikuwako Motihari siku zote. Ilikuwa inangoja kuulizwa kwa lugha inayoijua.

Kwetu kizingiti hicho tunaweza kukiondoa siku hiyohiyo, kwa kuwa Kiswahili tunacho. Kijiji kinachotaka kuandaa chemsha bongo ya wazi hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji karatasi, kalamu, kengele au hata kipande cha reli, ubao wa kuandikia alama ili kila mtu azione, na watu wanne: muuliza maswali, msahihishaji, mtunza saa na karani wa alama. Alama zisiandikwe kwenye daftari la mtu mmoja lililofungwa. Ziandikwe ubaoni. Tumesisitiza hili kila tulikokwenda, na tutazidi kulisisitiza.

Maswali yaandaliwe na watu wawili au watatu, nao wasishindane. Wasiyaonyeshe kwa mtu, hata mwenyekiti, hata mke. Kila jibu lihakikiwe kabla, maana muulizaji akiwa na jibu la uongo atagombana na mtu mwenye jibu la kweli, na mwenye kweli atashindwa kwa sababu hana kengele. Maswali yachanganywe: kilimo, afya, historia, mpira, sheria, majina ya samaki na ndege, methali, habari za nchi nyingine. Yakiwa ya vitabuni matupu, wanafunzi wa sekondari wataondoka na zawadi zote, na kina mama watarudi kusema shughuli ile si ya watu kama wao. Zawadi isiwe kubwa. Jembe latosha. Zawadi kubwa huleta maneno.

Na wewe unayetaka kushindana, jitayarishe vipi? Wapenzi wa mchezo huu wana tabia moja. Wanauliza "kwa nini" na "limetoka wapi" hata kwa vitu vidogo. Wakisoma pakiti ya chumvi, wanaangalia imetengenezwa wapi. Wakiona sarafu, wanatazama picha iliyo juu yake. Weka daftari dogo. Kila siku andika jambo moja ulilolisoma au kulisikia, na chini yake aliyekuambia ni nani. Ukilisikia jambo hilohilo kwa watu wawili wakihitilafiana, usilifute. Hilo ndilo la kwenda kulitafuta. Mwenye simu inayofungua mtandao atafute huko, lakini asiridhike na jibu la kwanza. Asiye na simu amwulize mwalimu, bwana shamba, mganga wa zahanati, au mzee anayeikumbuka habari ile.

Siku ya mashindano fikeni mapema, mkubaliane nani ataandika. Aandike mwenye mwandiko wa wazi, hata kama si mjuzi kuliko wote. Mkibishana juu ya majibu mawili, mara nyingi lile la kwanza lililomjia mtu kabla hajaanza kujitilia shaka ndilo sahihi. Si mara zote! Lakini karatasi tupu haipati alama kamwe, kwa hiyo andikeni lolote mnalolidhania.

Tunakuachia swali moja ujaribu na jamaa zako kabla ya kusoma mstari unaofuata. Ni la kufikiri, si la kukariri. "Wareno walianza kujenga ngome yao Mombasa mwaka 1593. Ndani ya ngome walikuwa na nyumba yao ya kusalia. Jina la nyumba hiyo kwa lugha yao liliingia katika Kiswahili, lakini maana yake ikageuka kabisa. Leo hakuna apendaye kulala humo hata usiku mmoja. Na ngome yenyewe ilifanywa kuwa mahali pa namna hiyo tangu mwaka 1895 hadi 1958. Taja neno hilo."

Jibu: gereza. Kwa Kireno kanisa huitwa igreja.